Mwaka wa Vikombe Vinne

Duka langu lipo Mtaa wa Mchikichi, chini ya ngazi,
kati ya muuza vitenge na fundi saa.
Nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili.
Nachonga majina: mihuri, pete za posa,
DAKTARI WA MENO GHOROFA YA PILI,
na vikombe.

Mwaka ule jiji liliniletea vinne.

Cha kwanza kilifika Mei, usiku, kimeviringishwa shuka
kama mtoto aliyezaliwa njiani.
Nyuma yake wekundu, tarumbeta, njia imefungwa hadi Gerezani.
"Andika BINGWA. Andika mwaka. Usikosee."
Mkono ulitetemeka, na si kwa hofu:
mimi ni mwekundu tangu tumboni.
Itazameni ile G, ina mkia mrefu kupita kawaida.
Ni kicheko changu kile, kilinitoka ncha ikiwa kazini.

Wiki tatu baadaye, kijani na njano.
Fainali nyingine, kombe jingine, tarumbeta zilezile,
wapigaji walewale, wamebadili fulana tu.
Hiki alikileta mke wangu, Mwajabu, kwa bajaji,
amekipakata, maana kaka yake yumo kwenye kamati.
"Wakwe zako wamekuamini. Usituharibie."
Nikakichonga vizuri kuliko cha kwanza.
Sijui nisemeje. Shaba haina mtani wa jadi;
ncha ikishaingia inadai mstari wake.
Lakini nyumbani Keko, juma zima,
nililishwa mchicha, kisamvu, matembele,
mchicha tena,
naye ananitazama kana kwamba ni bei ya nyama tu.

Mtanisamehe, nimesahau lini hasa kilikuja cha tatu.
Ni vijana wa kikapu kutoka Upanga, warefu,
waliinama mlangoni mmoja mmoja
kama watu wanaoingia bandani mwa kuku.
Mtaa haukuwajua. Muuza vitenge aliwauliza
kama wanatafuta suruali.

Jiji lilikuwa limelewa.
Usiku mmoja umeme ulikatika, watu wakaushangilia.
Tabata maji hayakutoka siku nne,
malalamiko yakaanza siku ya tano.
Nilimsikia mtu akimwambia mgeni wa Mwanza,
"Huku kwetu tunashinda,"
kana kwamba anasimulia hali ya hewa.

Oktoba alikuja Asteria Kilumbi, peke yake,
nahodha wa mpira wa pete, karani wa stoo Kurasini,
kikombe kimo kapuni, juu ya vitunguu.
Kidogo. Mng'aro umebanduka sikio moja.
"Herufi shilingi ngapi?"
Nikamtajia. Akahesabu noti, kisha sarafu, kisha vidole.
"BINGWA liache. Hilo tunalijua.
Niandikie majina saba: Asteria, Nuswe, Tabu,
Siwema, Havijawa, Eva, na Pili wa golini.
Yaweke chini, kwenye kitako.
Hiki ni cha kuzunguka, mwakani tunakirudisha,
na wanaokipokea hutazama juu tu."

Nikakilaza kifudifudi pajani, kama mtoto anayepakwa mafuta.
Saba hayakuenea; Pili amepanda ukingoni.
Akanilipa palepale, shilingi zinanuka kitunguu.

Na hapa niseme kwa sauti ndogo:
wale wawili wa tarumbeta hawajanilipa hadi leo.
Nikiwadai wao wananiita mtani.
Nikiwadai wetu wananiita mwenzetu.

Jioni nafagia. Unga wa vikombe vyote umo kopo moja la maziwa.
Nimeupeleka mwangani, nimeupepeta;
sioni upi wetu, upi wao.
Mwajabu anataka niuuze kwa mzani.
Mimi nangoja tu hiyo mwakani, mtu mahali fulani
akikisuuza kile kidogo, akakipindua maji yatoke,
asome polepole, kidole kikifuata:
Nuswe.